Safari ya Kileo Mwilini: Habari Ziwapasazo Wakulima na Makarani

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Mombasa, akiisha kusafiri yapata kilomita 50, hufika mahali ambapo njia hugawanyika. Barabara kuu huendelea mbele kuelekea pwani, na nyingine hukata kushoto kwenda mji wa Machakos na kutoka huko hata Kitui. Mahali hapo ndipo Kyumbi, na wenye magari wengi hupaita Makutano ya Machakos. Hapo malori hupumzika, abiria hubadili magari, wakulima huleta mbaazi, maharagwe na maembe, na wenye mishahara hushuka mwisho wa mwezi wakielekea makwao. Nao ni msemo wa kweli kwamba penye watu na fedha, kilabu cha pombe hakiko mbali.

Mkulima wa Ukambani si mtu wa kumimina dawa asiyoijua katika shamba lake. Akinunua dawa ya kunyunyizia nyanya, kwanza husoma karatasi iliyobandikwa chupani, au humwomba mwanawe amsomee. Huuliza kipimo chake, huuliza siku za kungoja kabla ya kuvuna, na hujihadhari isimwingie machoni. Karani naye hatii sahihi karatasi asiyoisoma. Basi ni jambo la kustaajabisha kwamba watu hao hao, wenye hadhari kubwa katika kazi zao, humimina kileo ndani ya miili yao miaka mingi bila kuuliza hata mara moja: kitu hiki kikiisha kupita kooni, kinakwenda wapi, na kinafanya kazi gani?

Makusudi ya habari hizi ni kulijibu swali hilo. Si habari za kumtukana anywaye, kwa maana matusi hayajamponya mtu. Ni habari za mwili, nazo ni kweli kwa tajiri na maskini, kwa aliyesoma na asiyesoma.

POMBE YA WAZEE

Kwanza yafaa kukumbuka kwamba pombe si jambo geni katika nchi ya Wakamba. Tangu zamani wazee walitengeneza uki, ambao hupikwa kwa asali au maji ya miwa pamoja na matunda ya mwegea yaliyokaushwa. Matunda hayo hubeba hamira ya asili. Hamira hula sukari na kutoa kileo. Pombe hiyo ilitumika katika mambo makubwa: mahari ilipojadiliwa, wazee walipoamua shauri, na walipowamwagia kidogo chini wazee waliokufa zamani.

Lakini pombe hiyo ilizungushiwa ua wa namna tatu. Ua wa kwanza ulikuwa umri, kwa kuwa ilikuwa pombe ya wazee, na kijana hakuruhusiwa kuionja kama apendavyo. Wa pili ulikuwa wakati, kwa kuwa haikupikwa kila siku. Asali ilikuwa na msimu wake, na shughuli zilikuwa na siku zake. Wa tatu ulikuwa mahali, kwa kuwa wazee walikunywa mbele ya wenzao, na aliyevuka mpaka alionekana na kukanywa.

Siku hizi nyua hizo tatu zimeanguka. Pombe kali iliyokenekwa hupatikana katika chupa ndogo iingiayo mfukoni. Huuzwa wakati wa mavuno na wakati wa njaa. Na anywaye aweza kunywa peke yake, asionekane na mtu. Sheria imejaribu kujenga ua mpya. Mwaka 1980 Bunge la Kenya lilipiga marufuku chang'aa kabisa, lakini watu waliendelea kuipika mafichoni. Mwaka 2010 sheria hiyo ilifutwa na mahali pake ikawekwa sheria mpya ya vileo vyote, inayotaka mtengenezaji awe na leseni, iliyokataza kumwuzia mtu asiyetimiza miaka 18, na iliyoweka saa za kufungua vilabu kuwa tangu saa kumi na moja jioni hata saa tano usiku katika siku za kazi. Hata hivyo sheria hukomea mlangoni mwa kilabu. Kinachotokea ndani ya mwili ni juu ya mwenye mwili.

JINSI KILEO KINAVYOINGIA

Kileo kilichomo katika pombe za kunywa, ziwe uki, bia, mvinyo au chang'aa, ni kitu kimoja, nacho huitwa ethanoli. Tofauti zake ni nguvu na ladha tu. Chakula kingine hutakiwa kusagwa na kuyeyushwa kabla mwili haujakipokea, bali ethanoli haingoji. Yapata sehemu moja katika tano huingia katika damu moja kwa moja kutoka tumboni, na zilizobaki huingia kupitia utumbo mwembamba. Baada ya nusu saa hata saa moja na nusu, damu huwa imekichukua hata kufika kichwani, moyoni, katika misuli na katika kila kiungo chenye maji.

Aliyekula muthokoi na kushiba hulewa polepole kuliko mwenye njaa, kwa sababu chakula hukizuia kileo tumboni kisishuke upesi utumboni. Lakini wengi hudanganyika hapo. Chakula hakikiondoi kileo, hukichelewesha tu. Mwanamke naye akinywa kiasi kile kile anywacho mwanamume wa uzito sawa na wake, damu yake huwa na kileo kingi zaidi, kwa kuwa mwili wake kwa kawaida una maji machache ya kukizimua.

HESABU YA CHUPA

Karani apendaye hesabu na aifuatilie hii. Chupa ya bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 4.2 ina kileo halisi kipatacho gramu 17. Chupa ndogo ya pombe kali, ya mililita 250 na nguvu ya asilimia 40, ina gramu zipatazo 79. Kwa hiyo mtu aliyemaliza chupa hiyo ndogo, ambayo hufichika katika kiganja, amekunywa kileo kinachozidi kile cha bia nne na nusu.

Kazi ya kukiondoa kileo hicho ni ya ini. Sehemu kidogo tu hutoka kwa pumzi, jasho na mkojo. Yote iliyosalia hungoja zamu yake katika ini. Nalo ini la mtu mzima huweza kuondoa gramu 7 hata 10 hivi kwa saa, wala halikubali kuharakishwa. Kahawa nzito, maji baridi ya kuoga, ndimu, supu ya mifupa, na hata kukimbia barabarani, yote hayo hayapunguzi hata gramu moja. Mlevi aliyekunywa kahawa huwa mlevi aliye macho.

Basi mtu aliyeanza kunywa chupa ile ya gramu 79 saa tatu usiku, ini lake litahitaji saa 8 hata 11 kuimaliza kazi hiyo. Litamaliza baina ya saa kumi na moja alfajiri na saa mbili asubuhi. Kama ni dereva wa lori aliyelala Kyumbi na kuondoka alfajiri, yawezekana anashika usukani na kileo kingali katika damu yake, ingawa yeye mwenyewe anasema amelala na kuamka mzima. Kama ni karani, anafungua daftari la serikali na hesabu za watu akiwa katika hali hiyo hiyo.

KAZI YAKE KATIKA UBONGO

Watu husema kwamba pombe huchangamsha. Kwa hakika pombe hulaza. Inapoingia katika ubongo huanza kulaza sehemu ya mbele, ambayo ndiyo mlinzi wa mtu: sehemu ya kupima neno kabla ya kulisema, kuona aibu, na kufikiri habari za kesho. Mlinzi akiisha kusinzia, mtu huona furaha na ushujaa. Hucheka sana, hununulia wageni, hutoa siri. Ndiyo sababu fedha za ada ya shule hutoka mfukoni kwa wepesi saa hiyo, wala mwenyewe hasikii uchungu mpaka asubuhi.

Kileo kikizidi, sehemu ya nyuma ya ubongo, iongozayo miguu na mikono, nayo hushikwa. Hapo mtu hupepesuka na ulimi huwa mzito. Kikizidi tena, sehemu ya kuweka kumbukumbu hufunga kazi. Mtu huweza kutembea na kuzungumza, na kesho asikumbuke lolote. Mwisho wa yote hufikiwa shina la ubongo, ambalo huendesha pumzi. Hilo likilala, pumzi hukoma. Mtu aliyezimia kwa pombe aweza pia kutapika akapaliwa na matapishi yake. Kwa hiyo asiachwe kamwe peke yake alale chali ati "atazindukana mwenyewe". Na alazwe kwa ubavu, aangaliwe pumzi zake, na asipoamshika apelekwe hospitali.

Tena kuna imani kwamba pombe hupasha joto. Katika miezi ya baridi, Juni na Julai, watu wengi wa vilima vya Machakos huitumia kwa shabaha hiyo. Kweli ni kinyume. Kileo hupanua mishipa midogo ya ngozi, damu ya moto ikaja juu, na mtu akaona joto usoni. Lakini joto hilo ndilo linalotoka mwilini na kupotea hewani. Mlevi aliyelala kando ya njia usiku wa Julai anapoteza joto upesi kuliko mwenzake asiyekunywa. Na ini likishughulika na kileo huacha kazi yake nyingine ya kuitengenezea damu sukari. Mtu aliyekunywa bila kula kutwa nzima aweza kuzimia kwa kupungukiwa sukari, watu wakadhani ni usingizi wa ulevi tu.

INI NA SUBIRA YAKE

Ini ni mtumishi mwenye subira kubwa, na subira hiyo ndiyo inayomponza mwenye mwili. Linapokivunja kileo, kwanza hukigeuza kuwa kitu kiitwacho asetaldehaidi, ambacho ni sumu kali kuliko kileo chenyewe, kisha hukigeuza tena kuwa kitu kisichodhuru. Kazi hiyo ikiwa ya kila siku, mafuta hujaa ndani ya ini. Wakati huo mtu haoni maumivu yoyote; hulima, huenda kazini, na husema, "Baba yangu alikunywa na hakufa." Lakini hapo bado pana neema, kwa kuwa mtu akiacha pombe, mafuta hayo huondoka kwa muda wa majuma machache, na ini hurudi kuwa zima.

Asipoacha, ini huweza kuvimba, macho yakawa ya manjano. Baadaye sehemu zilizokufa hujazwa na makovu, likawa gumu kama udongo uliokanyagwa na ng'ombe. Damu ikosapo njia ya kupita katika ini gumu hutafuta njia nyingine, ikaijaza mishipa ya umio mpaka ikapasuka. Mtu hutapika damu nyingi ghafula. Tumbo hujaa maji, miguu ikavimba, mwili ukakonda. Majirani wengi wamepata kumwona mtu wa namna hiyo wakasema amerogwa. Hakurogwa. Makovu hayo hayarudi nyuma, ingawa hata hapo kuacha pombe huweza kumwongezea mtu miaka ya kuishi.

VIUNGO VINGINE

Ini haliumii peke yake. Kongosho, ambalo hutoa maji ya kuyeyusha chakula, huweza kuvimba na kuleta maumivu makali tumboni yanayopenya hata mgongoni. Kileo kingi hupandisha shinikizo la damu, huyavuruga mapigo ya moyo, na kwa miaka mingi huidhoofisha misuli ya moyo wenyewe. Hupunguza nguvu za mwili za kupigana na maradhi, na kwa ajili hiyo kifua kikuu na kichomi humpata mlevi kwa urahisi. Na akiisha kupewa dawa za kifua kikuu, pombe pamoja na dawa hizo huliumiza ini maradufu. Mtu anywaye badala ya kula hupungukiwa vitamini B1, na upungufu huo huweza kuharibu ubongo hata asiweze kukumbuka mambo ya jana.

Kuhusu saratani, idara ya Shirika la Afya Duniani inayochunguza ugonjwa huo iliweka vileo katika orodha ya vitu vinavyoleta saratani kwa wanadamu tangu mwaka 1988. Saratani zinazohusika ni za kinywa, koo, umio, ini, utumbo mpana, na za matiti kwa wanawake. Saratani ya umio ni miongoni mwa zile zinazowapata watu wengi katika Kenya, na mtu anywaye na kuvuta sigara pamoja huikaribisha zaidi kuliko afanyaye moja tu.

Mwanamke mwenye mimba hapaswi kunywa hata kidogo. Kileo hupita katika kondo na kumfikia mtoto, ambaye ini lake bado halina uwezo. Madaktari wa Ufaransa mwaka 1968, na wa Marekani mwaka 1973, waliandika habari za watoto waliozaliwa wadogo, wenye sura iliyobadilika na akili nzito, kwa sababu mama zao walikunywa sana. Madhara hayo hayana dawa, bali kuyazuia ni rahisi.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2024 kwamba katika mwaka 2019 watu wapatao milioni 2.6 duniani walikufa kwa sababu zilizotokana na pombe. Na mwezi Januari 2023 ofisi yake ya Ulaya ilitangaza kwamba hakuna kipimo cha kileo kinachoweza kusemwa kuwa salama kabisa kwa afya. Anywaye kidogo ana hatari ndogo, na anywaye zaidi ana hatari zaidi. Hiyo ndiyo hesabu yake.

KILEO KIPOFUSHACHO

Yaliyosemwa hata sasa ni habari za ethanoli, iuayo polepole. Lakini watu wa Machakos wana sababu ya pekee ya kujua habari za ndugu yake, aitwaye methanoli. Hicho ni kileo cha viwandani, kitumiwacho katika kutengeneza rangi, gundi na vitu vingine. Hakikukusudiwa kunywewa na mtu. Wafanya biashara wasio na huruma hukitia katika pombe ili iwe kali na ya faida kubwa.

Mwezi Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa katika vitongoji vya Nairobi kwa pombe yenye sumu hiyo. Mwezi Juni 2005 msiba ukaingia Machakos. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengine wengi walilazwa hospitali, na miongoni mwa waliopona wapo waliobaki vipofu. Mwezi Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, zikiwamo Embu, Kiambu na Kitui. Na mwezi Februari 2024 watu zaidi ya 10 walikufa katika Kaunti ya Kirinyaga baada ya kunywa pombe yenye sumu. Waliokufa walikuwa na watoto, mashamba na madeni kama watu wengine.

Methanoli ina hila tatu. Hila ya kwanza ni kwamba haijulikani kwa ladha wala kwa harufu. Wako wasemao kwamba pombe ikiwashwa moto, rangi ya ndimi zake hueleza kama ni salama. Kipimo hicho si cha kutegemewa, maana vileo viwili vikichanganyika moto hauwezi kuvitofautisha. Hila ya pili ni uchache wake, kwa kuwa mililita 10 hivi za methanoli tupu, yaani vijiko viwili vya chai, zaweza kumpofusha mtu. Hila ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote: sumu hiyo hukawia. Methanoli yenyewe haiui mara moja. Ini huigeuza polepole kuwa asidi ya fomiki, iliyo sawa na ile wanayoirusha baadhi ya sisimizi, na asidi hiyo ndiyo inayoishambulia mishipa ya macho na kuizuia mwili usitumie hewa. Kazi hiyo huweza kuchukua saa 12 hata 24, na kama methanoli ilinywewa pamoja na ethanoli, hukawia zaidi.

Kwa mfano, na afikiriwe mkulima aliyeuza mbaazi zake Kyumbi siku ya Ijumaa. Mfano huu si habari za mtu fulani, lakini umetokea katika nyumba nyingi. Mtu huyo alikunywa jioni, akarudi nyumbani akiimba, akalala. Asubuhi aliona kichwa kizito na kichefuchefu, akasema ni uchovu wa pombe wa siku zote. Mchana akatapika, tumbo likamuuma, pumzi zikawa za haraka. Saa kumi, jua lingali kali uani, alimwita mkewe, akasema, "Mama watoto, mbona mmefunga madirisha? Washa taa." Dirisha lilikuwa wazi.

Saa hiyo ndiyo saa ya kuamua. Katika nyumba nyingi watu huanza kuogopa chifu na polisi kuliko kuogopa kifo. Husema, "Akipelekwa hospitali ataulizwa alikunywa wapi." Humpa maziwa, humpa maji ya chumvi, hungoja giza liingie ndipo wamtoe. Na kila saa inayopita, asidi inaongezeka. Maisha mengi yamepotea kwa kungoja huko.

Yafaa kila mtu ayajue mambo haya. Mtu aliyekunywa kisha akaona ukungu machoni, au akatapika sana na kuhema kwa haraka siku ya pili, apelekwe hospitali mara moja, usiku au mchana. Asitapishwe kwa nguvu. Akiwa hajitambui alazwe kwa ubavu. Wampelekao waseme wazi alikunywa nini na saa ngapi, na wachukue chupa au mabaki ya pombe ili yapimwe. Na waliokunywa pamoja naye watafutwe wote, hata kama wanasema hawaoni dalili yo yote, maana sumu ile hukawia. Daktari anayo dawa ya kulizuia ini lisiigeuze methanoli kuwa asidi, na mashine ya kuisafisha damu. Lakini dawa hizo huokoa zaidi zikiwahi. Wala mtu asijaribu kumtibu mwenzake nyumbani kwa kumpa pombe nyingine. Daktari anayemwona mgonjwa hutafuta kumponya. Jambo la sheria ni la baadaye, na ni afadhali mtu mzima ajibuye maswali kuliko maiti asiyeulizwa kitu.

KUACHA KWENYEWE

Kwa mtu anywaye mara moja moja, kuacha ni kuamua tu. Lakini yule ambaye amekunywa kila siku kwa miaka, ambaye mikono yake hutetemeka asubuhi mpaka apate kipimo chake, mwili wake umekwisha kujengwa juu ya kileo. Akiacha ghafula, ubongo uliozoea kulazwa huamka kwa fujo. Hutoka jasho, hutetemeka, huweza kupatwa na kifafa, na katika siku ya pili au ya tatu huweza kuona vitu visivyopo na kupigana navyo. Hali hiyo huweza kuua. Watu husema ni wazimu au mapepo, kumbe ni ugonjwa unaojulikana na wenye dawa. Kwa hiyo mtu wa namna hiyo asifungiwe chumbani na ndugu zake kwa nia njema. Na apelekwe kwa daktari, apunguziwe kwa utaratibu, apewe dawa na vitamini.

Msaada upo. Hospitali kuu ya Machakos hupokea wagonjwa. Hospitali ya Mathari, Nairobi, ina watu waliofundishwa kazi ya kutibu uraibu. Na mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na mihadarati, yaani NACADA, ina simu isiyolipiwa ya nambari 1192, ambayo mtu aweza kuomba shauri. Wala mtu asione aibu. Mwenye jino bovu haoni aibu kwenda kwa daktari, na ini ni kubwa kuliko jino.

Jamaa wa mlevi nao wana kazi yao. Kumwonya akiwa amelewa ni kumwaga maji juu ya mwamba, kwa kuwa mlinzi wa akili yake amelala. Na angojewe asubuhi, akiwa na akili zake, aambiwe kwa heshima na mtu anayemstahi: mjomba, mzee wa ukoo, au rafiki aliyeacha pombe yeye mwenyewe. Wazee wa zamani walijua kwamba ua haujengwi na mtu mmoja. Nyua zile tatu, za umri, wakati na mahali, zaweza kujengwa tena katika kila nyumba: vijana wasipewe, fedha za chakula na shule zitengwe kwanza kabla ya jambo lingine, na asiwepo anywaye mafichoni wala kununua pombe asiyoijua ilikotoka.

Majuto ni mjukuu, huja baadaye. Mkulima aliyekwisha kusoma habari hizi anajua sasa yaliyoandikwa katika karatasi ambayo haikubandikwa chupani. Akisimama tena Kyumbi siku ya malipo, fedha zake mfukoni, na jua likizama nyuma ya tambarare, hatakuwa mtu asiyejua. Machaguo ni yake, na nyumbani kuna watu wanaosikiliza kama hatua zake zinakuja sawasawa.